Siku Nilipofukia Kijiji cha Bibi Edith

Habari hii nimeificha miaka mingi, na ningezikwa nayo kama si Mama Esperansi kuitoboa juzi kwenye ubatizo wa mjukuu wake, mbele ya watu wenye sahani mkononi, tena akaisimulia kana kwamba wazo lote lilikuwa langu (nusu lilikuwa lake, na samadi aliibeba yeye, hilo nitawaeleza). Sasa maadamu nguo imeshanivuka hadharani, bora niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa, maana aibu ikisimuliwa na rafiki huwa inaongezwa chumvi, na hii yangu ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Basi sikilizeni. Mimi Naomi, mtoto wa milimani huko Same, niliyefundishwa na mama yangu kusiriba sakafu kabla sijafundishwa kusoma, niliwahi kufuta kijiji cha kale cha Waingereza kwa mikono yangu miwili, asubuhi moja, hapa hapa Toronto. Na nilikifuta kwa upendo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Weston kwenye yale maghorofa ya zamani karibu na mto Humber, mimi na binti yangu Upendo (ambaye ukimwambia kwa Kiswahili aoshe vyombo anakuelewa vizuri kabisa, ila anakujibu kwa Kiingereza kwamba amechoka). Kazi yangu ilikuwa usafi katika chuo kimoja mjini, zamu ya mchana, na sehemu yangu ilikuwa ghorofa ya chini, ambako mwisho wa korido kulikuwa na chumba kikubwa cha Profesa Edith.

Profesa Edith alikuwa mama wa Kiingereza, miaka sabini kasoro, mwembamba, anavaa buti za kiume hata siku ya jua, na wafanya usafi wenzangu walimwogopa kwa sababu hakutaka mtu aguse kitu chake hata kwa kitambaa. Kila kiangazi alirudi kwao Uingereza kuchimba uwanja mmoja nyuma ya kanisa la kijiji chenye jina refu ambalo ulimi wangu unalikataa mpaka leo, na alichokuwa akikitafuta pale ni kijiji kingine kilichokuwepo chini yake, cha watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, baada ya Warumi kuondoka na kabla ya wafalme wale wa kwenye vitabu. Watu wa kawaida kabisa, wafuga kondoo.

Mimi na yeye tulipatana siku aliponikuta nimesimama na dekio langu mbele ya kabati lake la kioo, nimekodolea macho donge la udongo lililoungua, ukubwa wa mkate, lenye mifereji upande mmoja na alama za vidole upande wa pili. Sikuhitaji kusoma kibao.

"Hilo ni pande la ukuta," nikamwambia. "Fito zilipita hapa. Na huku ndiko mtu alikokandika, kwa mkono wa kulia."

Aligeuka kunitazama, nikadhani nimefukuzwa kazi. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Wanafunzi wangu huchukua wiki nzima kuliona hilo," akasema. "Shika."

Jamani, nilishika. Vidole vyangu vinne viliingia kwenye ile mifereji ya vidole kana kwamba nimeivuta mwenyewe asubuhi ile, na kidole kidogo kilikuwa kimekanyaga udongo kidogo kuliko vingine, kama changu kinavyofanya nikichoka. Mwanamke mwenzangu huyo! (Bibi Edith alisema hatujui kama alikuwa mwanamke. Mimi nilijua.) Nilisimama pale na macho yakanilowa, na tangu siku hiyo nikaacha kumwita Profesa, nikamwita Bibi, na nilipomweleza maana yake alifurahi akataka aitwe hivyo hata na wanafunzi.

Nawaambia kweli, sijawahi kuona akili ya namna ile. Ungempa kigae cha chungu cheusi akakwambia kilipikiwa juu ya moto wa namna gani. Alikuwa na pete kubwa za udongo, nzito, mimi nikadhani ni ngata za kujitwikia maji, kumbe zilining'inizwa kwenye nyuzi za mtambo wa kufumia nguo ili nyuzi zinyooke. Alikuwa na kitana cha mfupa chenye meno matatu yaliyobaki. Kwa vitu hivyo ambavyo mimi ningevifagia bila kuinama mara mbili, alikueleza watu wale walilala wapi, walifuma wapi, mlango ulitazama wapi na upepo uliingilia wapi. Mtu ambaye hakuacha jina, hakuacha kaburi lenye maandishi, hakuacha kitu, Bibi Edith anakwambia alikula nini. Nilikuwa namaliza kazi yangu mapema ili nimsikilize.

Alinieleza kila kitu kilichomo kabatini. Asichonieleza ni mashimo, nami sikuuliza, na ndipo mkasa ulipoanzia.

Katikati ya kile chumba, nyuma ya pazia refu, alikuwa ametengeneza kwa wiki tatu, yeye na wanafunzi wawili, sakafu ya nyumba moja kama walivyoikuta kule uwanjani. Fremu ya mbao ya kufika magotini, ukubwa wa sebule, imejazwa udongo wa mfinyanzi mpaka juu, na ndani yake mashimo kumi na moja, mengine makubwa kama ndoo, mengine ya kuingiza kopo, na kando ya kila shimo kibao kidogo cha plastiki chenye namba, kimekitwa kwa msumari. Basi. Hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna hata mti mmoja.

Alhamisi nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa fremu ile ameshika kichwa. Uongozi wa chuo ulikuwa unakitaka chumba. Zama zile kompyuta ndizo zilikuwa zimeingia, kila mtu alitaka chumba cha kompyuta, na wakubwa walikuwa wameona hiki ni kipana na kina vigae vya vyungu vibovu tu. Kamati ingekuja Jumamosi saa nane mchana, pamoja na wageni waalikwa, ione na kuamua. Kama hawakuridhika, makabati yangekwenda kwenye ghala lililokodiwa nje ya mji, na Bibi Edith angekwenda nyumbani kulea paka.

"Sakafu hii inaniaibisha, Naomi," akaniambia. "Imepasuka kila mahali kwa sababu ya hita. Wakija wataona mashimo tu."

Sasa nyie niambieni. Kwetu mwanamke akimwambia mwanamke mwenzake maneno hayo siku mbili kabla ya wageni, hiyo ni taarifa au ni ombi? Na sikuwa mjinga kiasi cha kutojua kwamba mashimo yale yalikuwa ya nguzo. Nilijua sana. Lakini kwetu nguzo ikioza ukaing'oa, shimo unalifukia siku hiyohiyo, kuku asivunjike mguu, na wageni wakitarajiwa unasiriba sakafu nzima hata kama uliisiriba wiki iliyopita, kwa sababu mgeni akikuta nyumba yako na mashimo atakwenda kuitangaza mpaka mtoni. Nikamfikiria yule mwenzangu wa vidole vinne, wageni wa heshima wanamwingilia nyumbani, sakafu imepasuka, mashimo kumi na moja, na hayupo kujitetea.

Jumamosi asubuhi Bibi Edith alikwenda Markham kumchukua mgeni wake mkubwa, Mzee Alfred, aliyekuwa mchimba makaburi wa lile kanisa la kijijini na amesafiri kutoka Uingereza akafikia kwa mpwa wake. Mimi nilikuwa nadeki pale chumbani. Nikafungua pazia. Shimo la kwanza lilikuwa pembeni kabisa, karibu na kamba ya kuzuia watu, ambapo wageni wangesimama, nikasema moyoni, hili moja tu nilizibe, mtu asije akateleza akaingiza mguu. Pembeni kulikuwa na ndoo mbili za udongo uliobaki na mchanga. Nikalijaza. Nikalisawazisha kwa kiganja.

Wallahi ningeishia hapo! Lakini kiraka kina tabia yake. Ukiziba moja, lile jirani linaonekana limefanywa kusudi. Nikaziba la pili, na la tatu nikalionea huruma, na nilipofika la sita nilikuwa nimeshavua viatu niko juu ya udongo nimepiga magoti, vile vibao vya namba vinanizuia mkono, nikaving'oa vyote nikaviweka kwenye kikombe cha chai (nikavipanga kwa ukubwa, ili Bibi asihangaike). Mashimo yakaisha, na jingine dogo la pembeni lisilo na kibao nalo nikaliziba. Sasa sakafu ikawa na viraka kumi na viwili na nyufa mia, ikawa mbaya kuliko mwanzo, na dawa ya sakafu ya namna hiyo ni moja tu tangu dunia iumbwe.

Ndipo nilipopanda juu kumwita Mama Esperansi. Yeye ni mtu wa Uvira, alikuwa anasafisha ghorofa ya pili, na tuko kwaya moja kanisani. Akashuka, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Dada Naomi, njo nini hii? Ni nyumba ya nani?"

"Ya watu wa zamani wa Uingereza."

"Na bote balikufa?"

"Wote."

"Mungu wangu. Bon, tufanye vite, mbio-mbio, bageni basikute nyumba chafu."

Nikamwambia shida ni moja, udongo peke yake utapasuka tena, inatakiwa samadi, na Toronto hii ng'ombe tutamtoa wapi. Akacheka. Akatoka nje kwenye kibanda cha mtunza bustani wa chuo (ilikuwa majira ya kuchipua, wanajiandaa kupanda maua) akarudi na mfuko wa plastiki begani, una picha ya maua ya waridi, na ndani yake ni mavi ya ng'ombe yaliyosagwa. Nilishangaa nchi hii. Wanayafunga kama unga wa ngano.

"Dada, hatupige-pige kwanza na miguu?" akaniuliza, akionyesha mashimo niliyoyajaza.

Hapo mniangalie vizuri, maana hapa ndipo mama yangu angenipiga na mwiko. Ukifukia shimo unashindilia. Unatia udongo kidogo, unashindilia, unatia tena, unashindilia, ndiyo sheria. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tatu imepita, nikamjibu, "Muda hakuna, siriba tu juu, nani atajua?"

Tukasiriba. Nimesafisha vyumba vingi katika nchi hii, lakini asubuhi ile sikuwa nasafisha. Tulianza kwenye pembe ya mbali tukirudi nyuma, bega kwa bega, yeye anaimba nyimbo za kwao na mimi namwitikia, na kila mkono unaacha nusu duara yake, nusu duara juu ya nusu duara, mpaka tukatokea kwenye ukingo. Saa tano ilikuwa imekwisha. Ilikuwa inang'aa kama kifua cha njiwa. Mama Esperansi akasema hata mama yake kule Uvira asingepata kosa, na mimi nikamfikiria yule mwenzangu nikasema, haya dada, karibisha wageni wako.

Harufu ndiyo iliyonitia shaka kidogo. Samadi ya mfuko si kama ya zizini, ya zizini ikikauka inatulia, hii ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Nikasema ikauke upesi itaisha. Nikawasha hita mpaka mwisho, nikageuza taa mbili kubwa za maonyesho zilizosimama kando ziiangalie sakafu, nikafunga pazia.

Saa nane watu walikuwa wameshajaa, kama arobaini hivi, na vikombe vya chai. Mimi nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya sare, nimesimama nyuma na Mama Esperansi, roho inanienda mbio kwa furaha. Bibi Edith alichelewa kwa sababu ya barabara, akaingia moja kwa moja na Mzee Alfred, kizee kifupi chenye mikono mikubwa kama majembe, wala hakupata nafasi ya kuchungulia nyuma ya pazia. Niliona watu wameanza kunusa. Mama mmoja aligeuza soli ya kiatu chake akaikagua, mumewe naye akakagua ya kwake, na punde nusu ya wageni walikuwa wamesimama mguu mmoja. Mwenyekiti wa kamati, bwana mrefu mwenye tai ya mistari, alikuwa anapumulia ndani ya kikombe.

Bibi Edith hakujali. Alisema maneno ambayo laiti ningeyarekodi kwenye kaseti. Alisema historia imejaa watu waliobomoa, na yeye amepewa bahati ya kuwajua watu waliojenga. Alisema hawa hawakuandika hata herufi moja, lakini wametuachia jambo moja ambalo hakuna mvua wala jembe lililoweza kulifuta kwa zaidi ya miaka elfu.

"Mabibi na mabwana," akasema, akavuta pazia, "tazameni nyumba yao."

Mama Esperansi akapiga vigelegele.

Alipiga peke yake. Virefu, vya harusi. Viligonga kuta zote nne vikarudi, na hakuna aliyevipokea, na vilipokwisha ungesikia hita ikiunguruma. Bibi Edith alikuwa bado ameshika pazia. Uso wake ulibadilika rangi.

"Naomi," akasema taratibu, bila kugeuka. "Mashimo yangu yako wapi?"

Watu wakageuka kunitazama. Arobaini.

"Nimeyafukia, Bibi."

"Yote?"

"Yote." Kisha, kana kwamba haitoshi, nikaongeza, "Pamoja na lile dogo la pembeni, lilikuwa limejificha."

"Na namba?"

Nikapita katikati ya watu na kikombe changu cha chai, vibao vinalialia ndani, nikampa. Nikamwambia nimevipanga kwa ukubwa. Akavitazama, akanitazama, na wala hakunipigia kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Naomi, mti umeoza. Nyasi zimeoza. Watu wameoza," akasema. "Mashimo ndiyo nyumba. Hatuna kingine."

Jamani. Mmeshawahi kuelewa jambo lote kwa mara moja, nanyi mmesimama mbele ya watu? Wale watu walikuwa wameacha alama moja tu duniani ya kuonyesha kwamba waliwahi kuwa na mlango wa kuingilia, na mimi niliyejidai nampenda yule dada, niliyelia nimeshika vidole vyake, nilikuwa nimemfukia mara ya pili, kwa samadi, nikiimba. Mwenyekiti akakohoa, akatazama saa yake, akasema kwa upole wa wakubwa, "Pengine huu ni wakati mzuri wa kuzungumzia matumizi mengine ya chumba." Nikaona macho ya Bibi Edith yamejaa. Wiki tatu. Na chumba kinakwenda. Nikafanya jambo pekee nililoliweza, nikapiga magoti kwenye ukingo, nikakunja mikono ya sare, nikasema nitayachimbua yote sasa hivi, nayakumbuka, naapa nayakumbuka kila moja.

"Usiguse!"

Alikuwa Mzee Alfred. Akanishika bega kwa ule mkono wake, naye akapiga magoti kando yangu kwa shida, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia udongo, kama mtu anayechungulia chini ya mlango.

"Edith," akasema. "Yanarudi."

Hita ilikuwa imefanya kazi yake. Sakafu yangu ilikuwa inakauka, inageuka kutoka nyeusi kuwa kijivu, na kijivu kuwa nyeupe, isipokuwa mahali pamoja karibu na kamba, ambapo palibaki duara jeusi, bichi, limebonyea kidogo kama sahani. Tukiwa tunalitazama, likatokea la pili. Halafu mawili kwa pamoja upande wa mlango. Watu walisahau harufu, wakasogea, wakainama, mwenyekiti naye akachuchumaa na tai yake ikagusa samadi, na taa zile mbili ziliipiga sakafu ubavuni kiasi kwamba kila duara lilikuwa na kivuli chake. Mama mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti. Nyumba ilikuwa inajitokeza mbele yetu, nguzo baada ya nguzo, ukuta huu, ukuta ule, mlango.

"Ndivyo nilivyokiona kijiji mimi," Mzee Alfred akawaambia watu. "Nilitoa majani nichimbe kaburi, mvua ilikuwa imenyesha, jua likatoka, ardhi ikakauka yote isipokuwa madoa ya duara, yamepangana. Nikaweka beleshi chini. Nikaenda kumpigia simu huyu mama."

Sikuwahi kujua kwamba yeye ndiye aliyeanza. Mchimba makaburi! Wangapi wangechimba tu wakaendelea? Bibi Edith alifuta macho kwa mkono wa koti, na sauti ikamrudia, na akafundisha pale kuliko vile alivyokuwa amejiandaa, maana sasa watu hawakuwa wanatazama mashimo, walikuwa wanayaona yakija. Akawaeleza kwamba udongo uliojaza shimo hauwi sawa na udongo ambao haujawahi kuguswa, unashika maji kwa namna yake, na kwa hiyo ardhi haisahau. Mwenyekiti aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na hili dogo la pembeni? Nguzo ya nini?"

Bibi Edith akalichunguza. "Hilo ni la mguu wa taa," akasema. "La wiki iliyopita."

Watu wakacheka, nami nikathubutu kupumua. Ningejua kwamba aibu yangu kubwa ilikuwa bado inavaa viatu, nisingepumua. Maana yule mama aliyekuwa anahesabu akauliza swali la akili: lakini kama sakafu imefukiwa upya leo asubuhi, kwa nini madoa yajitokeze haraka hivi? Mzee Alfred akalibonyeza duara moja kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Akatikisa kichwa.

"Hakushindilia," akasema kwa sauti ya mtu aliyefukia mashimo miaka arobaini. "Huyu mama alitupia udongo tu. Angeshindilia inavyotakiwa, leo msingeona kitu."

"Naam!" Bibi Edith akasema kwa furaha, akinionyesha kwa mkono wote. "Tumshukuru Naomi kwa kutoshindilia!"

Wakapiga makofi. Watu arobaini, wasomi, wenye tai, walinipigia makofi kwa kulipua kazi. Mama Esperansi alipiga kuliko wote, akaninong'oneza, "Minalikuambia tupige-pige na miguu, dada." Nilisimama pale na kitenge changu nikitabasamu kama mbuzi, na mbele ya macho yangu nilimwona mama, mlangoni, ameshika kiuno.

Chumba kilibaki. Mwenyekiti alisema kompyuta zitatafutiwa mahali pengine, kwa sharti kwamba ile harufu iondoke kabla ya Jumatatu, na mtunza bustani alirudishiwa nusu ya mfuko wake na hakuambiwa mengi. Baada ya wageni kuondoka nilimwomba Bibi Edith msamaha, akanikumbatia na matope yangu. Akasema kosa ni lake pia, alinifungulia makabati yote na hakunifungulia lile lililo muhimu. Tangu siku hiyo aliniita kila anapofanya jambo jipya, akanieleza kwanza, na mimi nikajifunza kuuliza.

Wiki chache baadaye sakafu ile ilipobomolewa, alikata pande moja kwa msumeno, lenye nusu duara tatu za mkono wangu, akalitia kabatini kando ya lile donge la kale. Chini ya la kwanza kibao kinasema aliyelikandika hajulikani. Chini ya la pili akaandika jina langu lote, na la Mama Esperansi, na kijiji cha kila mmoja wetu. Nilikuwa nadeki pale kila siku, na kila siku nilisimama. Sijawahi kuheshimiwa namna ile na mtu mwenye digrii.

Jumapili iliyofuata nilinunua kadi ya simu nikampigia mama. Nilimsimulia yote tangu mwanzo, nikipamba kidogo, nikimweleza jinsi Wazungu walivyopiga makofi na jinsi jina letu litakavyokaa kwenye kioo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha kukawa kimya, kadi inakwenda, nikadhani laini imekatika.

"Mama? Upo?"

"Nipo," akasema. "Kwa hiyo mpaka Uingereza sasa wanajua kwamba mwanangu hashindilii."

Basi tangu siku hiyo nimeweka nadhiri, na mashahidi ni nyie. Shimo nisilolichimba mimi silifukii mpaka nimeuliza la nani, hata liwe mlangoni, hata wageni wawe njiani. Na nikiambiwa fukia, nashindilia mpaka jirani wa chini agonge dari.